Uwanja Wetu Haujakaa Bure

Jumanne asubuhi walikuja watu watatu na kamba, chokaa na mfuko wa vigingi. Hawakumuuliza mtu. Walianzia goli la upande wa shule, wakapima, wakapiga kigingi, wakapima tena. Kufika saa sita mchana uwanja mzima ulikuwa umejaa vigingi. Watoto waliotoka shule walifikiri ni mchezo, wakaanza kuviruka. Wakafukuzwa. Hapo ndipo watu wa bloki walianza kuulizana: jamani, hapa kunajengwa nini?

Jibu tulilipata jioni kwa chairman. Viwanja 70, kila kimoja mita 8 kwa 10, kwa ajili ya familia zilizo kwenye mapokezi. Kwanza miti na turubai, baadaye tofali za udongo. Mpango umeshapitishwa, na yeye mwenyewe ameambiwa tu.

Tangu siku hiyo kwenye kundi letu hakuna habari nyingine. Kuna walioandika kwa hasira, kuna waliocheka, kuna waliosema tunyamaze tusije tukaonekana wabaya. Mimi ni mtu wa kujitolea tu. Asubuhi nashika daftari la majina kwenye ugawaji, jioni nafundisha wadogo mpira. Siongei kwa niaba ya shirika lolote. Lakini nimesoma yote mliyoandika, na kuna maneno matatu yanarudiwa kila saa. Nataka kuyajibu yote matatu. La tatu linatoka upande wetu wenyewe, sisi tunaotetea uwanja, na ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Neno la kwanza: "Mkimbizi, uwanja ni wako? Ardhi ni ya serikali. Wakitaka kujenga, wajenge."

Ni kweli, ardhi si yangu. Hata nyumba ninayolala sina hati yake. Lakini mtu akija kesho kupiga kigingi katikati ya jiko la mama yako, utasema "si yetu" na kuendelea kunywa chai? Huwezi. Utatoka nje na kuuliza. Kuuliza si kudai umiliki. Anayeishi mahali anajua mambo ambayo mwenye ramani hayajui.

Angalieni jirani zetu Kenya. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pale katikati ya Nairobi ambapo mtu asiye na pesa anaweza kukaa chini ya mti bila kulipa. Wangari Maathai akaandika barua, akapiga kelele. Bungeni wakamdhihaki, wakasema yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti pale, wakapigwa na walinzi mpaka damu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Leo Karura bado ni msitu, watu wanaenda kutembea na kuendesha baiskeli. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Karura haikuwa shamba lake. Uhuru Park haikuwa yake. Alisema kwa sababu anaishi pale na ana macho.

Ila nisiwadanganye. Sisi si Karura. Pale upande wa pili walikuwa watu wenye uwezo waliotaka ardhi ya umma iwe mali yao. Hapa upande wa pili ni mama mwenye watoto wanne analala chini kwenye mapokezi. Mtu yeyote anayeandika kwamba tunapigana na matajiri anaandika uongo, na uongo huo utatuangusha siku ya mkutano. Kazi yetu ni ngumu kuliko ile ya Karura, kwa sababu tunaoambiwa tuwapishe ni watu kama sisi.

Neno la pili: "Kambi ni ya muda. Uwanja wa nini mahali pa muda?"

Hili nalisikia hata kwa wafanyakazi wa mashirika, tena wale wazuri. Ndugu zangu, muda gani? Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Dadaab ilifunguliwa 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu 1996. Kuna watu waliozaliwa humo, wakaoa humo, wakazika wazazi wao humo. Wengi tulikuwa tunahesabu siku za kupanda ndege. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mnajua kwenye bloki zetu ni watu wangapi walikuwa wameshauza magodoro. Wakarudi kuyanunua. Basi tusiambiane tena habari ya muda. Mtoto wa miaka sita anayeanza kucheza pale leo, hakuna anayeweza kuniambia atakuwa wapi akifika miaka kumi na sita. Utoto wake ndio huu, hana mwingine anaoungoja huko mbele.

Na huo uwanja tunautumia kwa nini? Wasioishi hapa wanaona vumbi na magoli mawili ya miti. Waacheni niwahesabie. Asubuhi shule inautumia kwa sababu haina eneo lake. Chanjo ya watoto hufanyika pale chini ya miti. Ugawaji ukijaa, foleni inamalizikia pale. Msiba ukiwa mkubwa, hema la kilio linawekwa pale. Saa tisa ni zamu ya timu ya wasichana, na hawana mahali pengine, maana ukumbi wa vijana kila siku umejaa wanaume wanaocheza karata. Jumapili wanakuja wenyeji wa kijiji cha juu, tunacheza nao, tunagombana kidogo, tunanunua maziwa kwao. Ukiondoa uwanja, sisi na wenyeji tutakuwa tunakutana wapi? Kwenye kuni tu, na kwenye kuni hatukutani kwa amani.

Halafu kuna moto na maji. Mnakumbuka kiangazi kile jiko lilipowaka kwenye bloki ya chini. Nyumba zilikwenda moja baada ya nyingine, turubai linayeyuka kama mshumaa, sisi tunabeba maji kwa madumu. Moto ulisimama wapi? Ulisimama uwanjani, kwa sababu haukupata kitu cha kula. Na mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani yanateremka pale na kukaa siku mbili tatu kabla ya kuingia ardhini. Sasa mnataka mtu aweke kitanda chake pale. Mvua ya kwanza tu mtaanza kumhamisha.

Hapa naongea na ninyi wa mashirika, mnaosoma kurasa hizi, najua mnasoma. Kitabu chenu wenyewe cha viwango, kile cha Sphere, kinasema katika makazi yaliyopangwa kila mtu apate angalau mita za mraba 45, ukihesabu pamoja na njia, vyoo, shule na nafasi za kuzuia moto. Kikiruhusu kupunguza, ni mpaka 30, pale ambapo huduma nyingine ziko nje ya eneo. Na kinga ya moto ni nafasi wazi ya mita 30 kila baada ya mita 300 za nyumba. Mimi sikusoma chuo. Hayo nilifundishwa na ninyi kwenye semina ya siku tatu, na cheti ninacho.

Basi tulichukua kamba tukapima. Uwanja pamoja na pembeni penye miti ni mita 105 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 7,350. Gawanya kwa 45: watu 163. Kwa familia za watu watano watano, ni familia 32. Gawanya kwa 30: watu 245, familia 49. Ninyi mnataka kuweka familia 70, yaani watu 350. Kila mtu anabaki na mita 21, chini ya nusu ya ile 45. Na kinga ya moto imeondoka kabisa, kwa sababu kinga yenyewe ndiyo mnayoijengea. Waliotutangulia katika makazi mengi ya Uganda walipewa viwanja vya mita 30 kwa 30. Kwa kipimo kile, uwanja huu ungetoa viwanja 8 tu. Kwa hiyo msituambie uwanja utamaliza tatizo. Mapokezi yatapungua wiki mbili, kisha yatajaa tena, na uwanja hautakuwepo.

Sasa nije kwenye neno la tatu, la upande wetu.

Kuna walioandika: "Hao wapya wametujazia. Rashoni imepungua kwa sababu yao, maji yamepungua, sasa uwanja. Wapelekwe kwingine." Waliweka vidole vya kusifu zaidi ya chochote nilichowahi kuandika mimi.

Ndugu zangu, hebu tutulie. Rashoni imepunguzwa kwa sababu wafadhili wamepunguza pesa. Mama aliyevuka mpaka na sufuria moja kichwani hakupunguza kitu. Na wapya ni nani? Mimi nilikuwa mpya mwaka 2012. Tulitoka Rutshuru, tukapitia Bunagana, tukalala Nyakabande, halafu tukaletwa huku kwenye lori. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulipofika, kipande tulichopewa kilikuwa na njia ya ng'ombe katikati. Mzee mmoja mwenyeji alikuja kila asubuhi na ng'ombe wake, anasimama, anaangalia nyumba yetu, anaondoka bila kusema kitu. Baba alidhani anataka kutudhuru. Baadaye tukajua pale palikuwa malisho ya baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Alichukua mwaka mzima kutusalimia. Leo wajukuu wake ndio wanaokuja Jumapili kucheza na sisi.

Kwa hiyo mimi nyumba yangu imejengwa juu ya nafasi ya mtu. Siwezi kusimama leo na kusema mlango ufungwe kwa kuwa mimi nimeshaingia. Yeyote anayetaka kutetea uwanja kwa kuwatukana wapya, naomba asisimame upande wangu. Aende peke yake.

Juzi nilikwenda mapokezi na daftari langu. Mama mmoja wa kutoka Masisi alikuwa amesikia habari za uwanja. Akaniuliza mbele ya watu: "Mutoto yangu, miye niko nalala hapa na batoto bangu bane, mwezi wa pili sasa. Mvua inatupiga. Na nyie munalilia mupira?" Watu wakacheka. Mimi sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Pole, mama," nikaandika jina lake, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najibizana naye kichwani.

Jibu langu ni hili, mama, kama kuna atakayekusomea. Una haki ya nyumba, na una haki nayo kabla sijacheza mechi nyingine hata moja. Lakini watoto wako wawili wakubwa, nawajua. Kila jioni saa kumi wako uwanjani. Hawajapata shule, hawajapata kitanda, uwanja wameshaupata. Ukija jioni utaona karibu nusu ya wanaocheza ni watoto wa mapokezi, unawatambua kwa zile bangili za karatasi mkononi. Kwa hiyo uwanja huu si wa wazee wa kambi dhidi ya wapya. Nanyi ni wenu. Ukipewa mita 8 kwa 10 pale kwenye goli, watoto wako watakuwa wamepata nyumba na kupoteza mahali pekee walipopapenda hapa. Halafu utaamka usiku wa mvua, maji yako chini ya mkeka.

Na kuna kitu kingine ambacho nafasi wazi inafanya, tunakisahau. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka Januari na vita kushuka mpaka Bukavu, maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walifikia wapi? Kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Walilala pale kwenye majani na chini ya majukwaa, kwa shida kubwa, sisemi palikuwa pazuri. Lakini palikuwepo. Kama uwanja ule ungekuwa umegawanywa viwanja mwaka uliotangulia, lile kundi la watu lingesimama wapi? Barabarani, kando ya mto.

Uwanja ni akiba. Ukiujenga leo kwa ajili ya familia 70, siku litakapokuja wimbi lingine, na litakuja, hatutakuwa na mahali pa kumpokea mtu hata wa usiku mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu si "hakuna mtu kukanyaga uwanja." Hali ikiwa mbaya usiku wa leo, mahema ya pamoja yawekwe pale, mimi nitakuwa wa kwanza kushika kamba. Mahema yenye tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, yameandikwa kwenye karatasi, chairman ana nakala. Ninachokataa ni vigingi. Kigingi hakina tarehe ya kutoka.

Mtaniuliza: sasa hizo familia ziende wapi? Swali ni zuri, na asiyelijibu asitetee uwanja.

Kwenye bloki zetu kuna viwanja vilivyofungwa. Kila mtu anavijua na hakuna anayevisema. Ni vya watu waliopanda ndege miaka iliyopita, vya waliohamia Kampala, vya waliorudi nyumbani. Vingine ndugu wanavilima, vingine vimepangishwa kimya kimya, vingine vina wenye viwanja viwili vitatu. Sisi vijana watano tumepita na daftari bloki kwa bloki. Orodha tumempa chairman mkononi. Siiweki hapa, sitaki mtu avamiwe usiku nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kugusa uwanja, orodha hiyo ikaguliwe na watu wa bloki pamoja na ofisi, hadharani, mchana. Pale pana njia tayari, pana bomba karibu, choo kiko, jirani wapo.

Najua kwa nini hakuna anayesema. Kwa sababu kila mmoja wetu ana chake. Basi nianze mimi. Kaka yangu mkubwa alipelekwa Kanada mwaka 2019. Kiwanja chake kiko ubavuni mwa chetu. Tumekifunga na miiba, mama analima maharage. Nilipomwambia mama kwamba nimekiandika kwenye orodha, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Shamba la kaka yako unawapa watu ambao huwajui?" Nikamwambia, "Mama, hata sisi hawakutujua." Tangu siku hiyo ananipikia, lakini haongei nami vizuri. Maharage yale tunayala, si mchezo, na sasa rashoni ni hii mnayoijua. Sijui kama nimefanya vizuri kwa mama. Kwa uwanja, najua nimefanya vizuri. Huwezi kumwambia mama wa Masisi asijenge kwenye goli huku umefunga kiwanja cha kaka yako na miiba.

Ndiyo maana wale wanaopiga kelele zaidi kwenye kundi nawauliza hapa, bila kutaja majina: chako umekiandika?

Mkutano ni Jumamosi saa tatu, uwanjani hapo hapo. Watakuja watu wa ofisi na wa mashirika. Nawaomba tuende na mambo manne, tusiende na matusi.

Kwanza, vigingi ving'olewe mpaka wakazi wasikilizwe, sisi na walio mapokezi pia. Tumeshamwomba yule mama wa Masisi aje. Akisimama akasema anautaka uwanja, tumsikilize mpaka mwisho.

Pili, viwanja vilivyofungwa vikaguliwe kabla ya yote.

Tatu, uwanja uandikwe kwenye ramani ya makazi kama nafasi wazi na kinga ya moto, ili mwakani asije mwingine na kamba akasema "hapa ni patupu." Mahema ya dharura yaruhusiwe, yawe na tarehe.

Nne, na hili ni letu. Kila kijana wa timu, wa kike na wa kiume, atoe siku mbili kufyatua tofali za familia zitakazopewa viwanja. Tusiseme tu wasijenge hapa, twende tukawajengee pale. Mimi nimeshaandika jina langu na la timu ya wadogo, ingawa wale wadogo watacheza na udongo kuliko kufanya kazi.

Mkiona maneno yangu yana kosa, nijibuni hapa hapa au mkutanoni. Ila tafadhali, msing'oe vigingi usiku. Kuna mtu ameshaniandikia faraghani anataka vijana kumi na majembe. Nimemkatalia. Tukiving'oa gizani tutaitwa wahuni, na kesho yake vitapigwa vingine na askari amesimama. Tuving'oe Jumamosi, mchana, wakiwepo waliovipiga.

Jioni hii mazoezi yapo kama kawaida. Vigingi tutavizunguka.